I-52: Ilikuwa kosa kuibebesha nyambizi mizigo?

Kila nyambizi za Japani za Vita vya Pili vya Dunia, kama hii I-52, zinapojadiliwa, kuna lawama ambayo haikosekani: Tokyo ilichukua vyombo vya kuwinda ikavifanya wapagazi. Mwishoni mwa 1942 nyambizi ziliachishwa kufukuza meli za Marekani, zikapewa kazi ya kupeleka chakula kisiwani Guadalcanal, katika Pasifiki, ambako askari wa Japani walikuwa wakifa njaa. Nyambizi I-3 ilizamishwa huko Desemba na boti ndogo ya torpido (kombora la chini ya maji), I-1 ikafuata Januari 1943.

Safari za Ulaya, za kubadilishana mizigo na Ujerumani iliyokuwa mshirika wa Japani, nazo zinawapa wakosoaji hoja. Nyambizi tano za Japani zilitumwa, na ni I-8 peke yake iliyokwenda Ufaransa na kurudi nyumbani salama. I-30, ambayo Mei 1942 ndege yake ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kupeleleza, ilifika Lorient, bandari ya Ufaransa, lakini wakati wa kurudi ikagonga bomu la majini Singapore. I-34 iliishia karibu na Penang, hata Bahari ya Hindi haijaivuka.

Ya tano kutumwa ndiyo I-52. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 108 na iliundwa ikiwa na nafasi ya shehena. Chini ya Kamanda Uno Kameo iliondoka bandari ya Kure, Japani, Machi 1944 na dhahabu ya tani 2 hivi, ikapitia Singapore; shehena yake ilikuwa pia na bati, metali ya tungsteni, mpira, kwinini na kasumba (afyuni). Ndani yake walikuwamo pia mafundi na wahandisi 14 waliokuwa wakienda kuchota ujuzi wa Wajerumani.

Ila tusiwahukumu kana kwamba walikuwa na njia nyingine. Mapema Januari 1944, ndani ya siku tatu, meli tatu za Ujerumani zilizojaribu kupenya na mizigo kutoka Mashariki zilizamishwa katika Atlantiki ya Kusini. Juu ya maji hapakuwa na pa kupita tena. Ilibaki nyambizi, au kuacha kabisa.

Kwangu mimi, suala ni walichopakia. Bati na mpira wa nyambizi moja usingeokoa kiwanda chochote. Karatasi na watu ni habari nyingine. I-29, nyingine kati ya zile tano, ilizamishwa Julai 1944 ikirudi kutoka Lorient, lakini ofisa mmoja, Iwaya, alikuwa ameshashuka Singapore na baadhi ya michoro ya ndege mpya za Kijerumani, akapanda ndege hadi Tokyo. Michoro hiyo ikaingia kwenye kazi ya ndege za Kijapani za jeti na roketi. Kwa mzigo wa namna hiyo, hatari ilikuwa na maana.

Isitoshe, I-52 haikuponzwa na uzito wake. Iliponzwa na redio. Wamarekani walikuwa wakisoma mawasiliano yake na Berlin, wakajua itakutana wapi na nyambizi ya Kijerumani U-530. Zilikutana kweli, I-52 ikapokea Wajerumani watatu na kifaa cha kunasa mawimbi ya rada ya adui. Usiku wa tarehe 23 Juni ndege ya rubani Jesse Taylor kutoka USS Bogue, meli ya Marekani ya kubeba ndege, iliikuta juu ya maji. I-52 ikapiga mbizi upesi. Taylor akadondosha maboya ya kusikiliza, kisha torpido inayofuata sauti. Kanda ya kile maboya yalichonasa ipo hadi leo: pangaboi linazunguka, mlipuko, halafu vyuma vinapondeka. Watu wote 112 walikufa.

Mabaki yalipatikana 1995, zaidi ya mita 5,000 chini. Waliokwenda walikuwa wanatafuta dhahabu. Sanduku walilopandisha lilikuwa na kasumba. Kama ni lazima apatikane wa kulaumiwa, mimi nitaanza na waliokuwa wakipanga safari kwa redio wakiamini hakuna anayewasikia. Aliyeamua nyambizi ibebe mizigo atasubiri zamu yake.