Malaria Iliyompanda Kichwani

Saa nane za usiku, kwenye dirisha la mapokezi, aliyezungumza alikuwa shemeji wa mgonjwa. "Malaria imempanda kichwani, dada. Tangu jioni anaweweseka." Muuguzi akaandika. Mimi nilikuwa benchini na mwanangu mwenye homa ya kweli, na kwa kuwa mtaa wetu ni mmoja, nilijua walichokijua wote walioshuka kwenye bajaji ile: kijana alikuwa amejaribu kujiua.

Nililikumbuka dirisha lile tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichompa aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili. Miongoni mwa walioshtaki ilikuwamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na jaji aliona kifungu hicho kinakiuka usawa, utu na haki ya afya. Kwetu Tanzania kifungu cha 217 bado kinasema ni kosa. Waingereza waliotuletea kosa hilo walilifuta kwao Agosti 1961, miezi minne kabla bendera yao haijashushwa Dar es Salaam.

Wanaotaka kosa libaki si watu katili, na wengine ni wazee ninaowaheshimu. Wanasema uhai ni amana ya Mungu na sheria isionekane kulegeza hapo. Hilo shehe na mchungaji wataendelea kulisema, kifungu kiwepo kisiwepo. Hoja yao nzito zaidi ni ya polisi: kosa likifutwa, askari atavunja mlango wa mtu kwa mamlaka gani? Ni swali halali. Lakini Kenya ina Sheria ya Afya ya Akili, inayomruhusu askari kumchukua mtu aliye hatarini kwa sababu ya maradhi ya akili na kumfikisha hospitali. Mamlaka ya kuokoa hayahitaji hati ya mashtaka.

Inabaki hoja ya woga, kwamba adhabu humzuia mtu. Hapa ndipo ninapoachana nao. Aliyekwisha kukata tamaa ya kuiona kesho hahesabu miaka miwili ya jela. Anayeihesabu ni mama yake. Anaihesabu shemeji akiwa ndani ya bajaji, akitunga njiani atakachosema dirishani, maana jeraha likionekana la kujidhuru itaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na PF3 inatoka kituo cha polisi. Adhabu iliyokusudiwa kumtisha mmoja inawatisha wote wanaotaka kumwokoa.

Uongo ule una gharama. Kijana alipimwa malaria, kipimo hakikuona kitu, akapewa dawa mseto hata hivyo: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Daktari alitibu alichoambiwa. Hakuna aliyemuuliza kijana kama analala, kama ana deni, kama mawazo yale bado yapo. Kisha akapelekwa kijijini kwa bibi yake akapumzike.

Tafiti zilizowafuatilia walionusurika zinaonyesha kwamba takriban tisa kati ya kumi hawafi baadaye kwa kujiua. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kichwani, kwa sababu inasomeka vibaya upande wowote. Ukiisoma haraka utasema basi, yamekwisha, mwacheni. Lakini kuwahi kujaribu ni mojawapo ya dalili kubwa kabisa kwamba mtu yumo hatarini, na wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini ni za kuangaliwa sana. Wale tisa ni watu waliopita kwenye kiza kikawaachia. Wengi waliotaka kufa usiku mmoja hawakutaka kufa maisha yao yote. Sasa wiki hizo za hatari ndizo ambazo uongo wa malaria unamwacha mtu peke yake na vidonge visivyomhusu.

Uamuzi wa Nairobi haukuajiri muuguzi hata mmoja, hilo wapinzani wake wanasema kweli. Na hata sheria ikifutwa, mdomo wetu ni mzito. Tunaogopa kutaja kujiua tusije tukaonekana tunamchulia mwenzetu. Utafiti unaonyesha kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Anayegawa vitu vyake bila sababu, anayepita kuaga, anayesema "mtapumzika na mimi", muulize kwa maneno hayohayo: unawaza kujiua? Akikubali, usimhubirie wala usimwapie kwamba utaitunza siri. Msikilize, usimwache peke yake, ondoa karibu naye anachoweza kujidhuru nacho, mfuatane hospitali. Aliyeko Kenya anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Tanzania kuna huduma ya afya ya akili Muhimbili na Mirembe, na hospitali iliyo karibu nawe ndiyo ya kuanzia.

Mkifika dirishani, mwambieni muuguzi kilichotokea, maana daktari asiyejua atatibu kisichokuwepo. Naandika hivyo nikijua kifungu cha 217 bado kipo kitabuni, na kwamba ninamwomba mama wa watu aseme kweli mbele ya sheria inayoweza kumgeuzia mwanawe.