"Eyesore" na "kero" si kitu kimoja

Kwa Mswahili aliyehamia Uingereza, neno "eyesore" lina mtego. Limeundwa kwa jicho na kidonda, basi wengi hudhani ni ugonjwa. Macho yanayouma ni "sore eyes", na hapo kuna mtego wa pili: "a sight for sore eyes" ni sifa, husemwa kwa mtu ambaye kumwona tu kunaburudisha. Ukichanganya ukamwita mwenyeji wako "eyesore", umemtukana.

Eyesore ni kitu kinachochukiza kukitazama: gofu lililozibwa madirisha kwa mbao, gari bovu lililoota majani chini ya magurudumu, ukuta wa zege wenye michirizi myeusi ya mvua. Makelele na harufu hayamo. Kwetu nyumbani tuna "kero", nayo hubeba yote, moshi, mtaro ulioziba, muziki wa usiku kucha, na anayetamka kero anadai iondolewe kwa sababu inamuumiza. Jengo safi na imara lenye sura mbaya hatuliiti kero. Tunasema halipendezi, tunapita. Waingereza hawapiti. Mwaka 1984 Charles, wakati huo mwana wa malkia, aliufananisha mchoro wa kupanua National Gallery, jumba la sanaa la London, na jipu usoni mwa rafiki mpendwa, na jengo lile halikujengwa.

Mimi naona kero ina nguvu zaidi, hata huko huko ugenini. Kifungu cha 215 cha sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, kwa England na Wales, kinairuhusu halmashauri kumwamuru mwenye kiwanja akisafishe ikiwa hali yake inaharibu mandhari ya eneo. Amri haianzi kufanya kazi kabla ya siku 28. Akikaidi, halmashauri inaweza kuingia, ikafanya kazi yenyewe, kisha ikamdai gharama. Lakini kifungu hicho hakitaji eyesore. Barua ya malalamiko kwa halmashauri inayosema tu "it is an eyesore" inaeleza ladha ya mwandishi, na ofisa hana cha kushika. Andika kama unavyoeleza kero: paa limebomoka upande gani, magodoro mangapi yametupwa uani, magugu yamefika kimo gani, tangu mwezi upi. Ambatisha picha zenye tarehe, zilizopigwa ukiwa barabarani, maana kinachopimwa ni athari kwa eneo. Neno eyesore lenyewe liweke mwishoni, au liache kabisa.