Kukodi ndege Wilson: nafuu ipo, ila hesabu viti kwanza

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu wa Nairobi, ukisema siku hizi hata mtu wa kawaida anaweza kukodi ndege kwa bei ya tiketi. Wapo wanaouamini moja kwa moja, na wapo wanaosema ni utapeli mtupu. Mimi naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, na ni vyema tuvitazame vyote viwili kabla mtu hajatoa pesa alizozitolea jasho.

Anayesikia "ndege binafsi" huwaza jeti yenye viti vya ngozi. Lakini pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo kando ya Barabara ya Lang'ata jijini Nairobi, ndege utakayokodishiwa mara nyingi ni Cessna Caravan: injini moja, rafadha moja puani, nafasi ya abiria 12 hivi. Haina kasi ya jeti, ila inatua kwenye kiwanja cha vumbi Maasai Mara baada ya dakika 45 hivi, muda ambao kwa gari hujafika hata Mai Mahiu.

Wanaosema nafuu ipo wana hoja nzito hapa. Ndege ya kukodi hailipiwi kwa kichwa. Unalipia safari nzima: saa za kuruka, mafuta, ada za kutua, na rubani akilala huko, malazi yake pia. Tuseme jumla ni dola 3,000. Watu 3 wakichanga, kila mmoja anatoa 1,000. Wakiwa 12, ni 250. Ndege ni ile ile. Ndiyo maana ukoo unaokwenda harusini Lamu unaweza kupiga hesabu hii bila aibu, wakati mtu na mkewe wataumia.

Ila hesabu hiyo ina mtego. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi, kwa hiyo ndege haiwezi kupaa na uzito ambao ingeubeba asubuhi kule pwani. Hii ndiyo sababu ya kupimwa kwenye mzani wewe na begi lako, na ya kuambiwa mwisho ni kilo 15 kwenye begi laini. Nilimwona mama mmoja amepiga magoti sakafuni, anatoa vitenge vya harusi kwenye sanduku gumu na kuvishindilia ndani ya mfuko wa turubai, huku wenzake wakimsubiri. Viti 12 vyaweza kuwa 9 mizigo ikizidi, na wale 9 ndio watakaogawana gharama yote.

Njia ya pili inayosifiwa ni kudandia ndege inayorudi tupu. Mwenye lori aliyeshusha mzigo Mombasa hataki kurudi bila kitu. Atakubali hata pesa ya mafuta. Ndege nayo ni hivyo hivyo, na punguzo laweza kuwa kubwa kweli. Tatizo ni kwamba safari hiyo si yako, ni ya mteja wa kwanza. Rafiki zangu 8 walilipia ndege ya namna hiyo kwenda Ukunda Jumamosi. Ijumaa jioni dalali akapiga simu: mteja ameahirisha, ndege haiji. Usiku huo walipanda basi, na pesa zao zilirudi baada ya wiki kadhaa za kubembeleza. Kwa mwenye nafasi ya kubadilisha siku, njia hii ni nzuri. Mwenye harusi au mazishi asiiguse.

Kwenda Mombasa mjini, sioni sababu ya kukodi chochote. Reli ya SGR iko tangu 2017, saa 5 hivi umefika. Na wanaolalamikia moshi wasipuuzwe: shirika la Ulaya la Transport & Environment lilikadiria mwaka 2021 kwamba jeti binafsi huchafua hewa mara 5 hadi 14 zaidi kwa kila abiria kuliko ndege za kawaida. Ndege iliyojaa ina utetezi fulani. Ya mtu mmoja haina.

Kinachonitia hofu zaidi ni bei iliyo chini kuliko zote. Januari 2019 mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa akitoka Nantes kwenda Cardiff kwa ndege ndogo ya injini moja. Rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa, na safari yenyewe haikuwa na kibali cha biashara. Aliyeipanga, David Henderson, alifungwa miezi 18 mwaka 2021. Hapakuwa na uhaba wa pesa katika safari ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo ukipewa bei inayokufurahisha, omba kuona cheti cha uendeshaji kinachotolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na uthibitisho wa bima ya abiria. Kisha siku ya safari, kabla ya kupanda, soma herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, zinazoanza na 5Y kwa zile zilizosajiliwa Kenya, uzilinganishe na zilizo kwenye karatasi. Zikitofautiana, mwulize rubani hapo hapo, kabla begi lako halijapakiwa.