Plaki laini ndiyo ya kuogopwa, hata kama mshipa haujabana sana

Mgonjwa wa Tabora akirudi kutoka Dar es Salaam na ripoti ya angiografia (picha ya eksrei ya mishipa ya damu) kwamba mshipa wa moyo umebana asilimia 45 na hahitaji stenti, yaani bomba dogo la kuupanua, nyumbani kila mtu hushusha pumzi. Baada ya miezi michache atorvastatini, dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, inaanza kurukwa. Kwa nini aendelee kumeza, wakati mshipa haujaziba?

Ripoti hiyo imesema ukweli, ila ni ukweli wa upana wa njia tu. Haielezi ukuta wa mshipa umejengwa na nini. Ndiyo maana nadhani kipimo cha ugumu wa plaki (mafuta na uchafu uliojikusanya ukutani mwa mshipa) kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa hakitendewi haki kinapoitwa anasa ya Ulaya. Wanaokiita hivyo wana hoja nzito. Kliniki za hospitali za Kitete (Tabora) na Maweni (Kigoma) zinahitaji kwanza mashine za presha, vipimo vya sukari, ECG na dawa zisizokatika, na shilingi moja ikiwekwa huko huokoa watu wengi zaidi kuliko ikiwekwa kwenye katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa mshipani. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni hatua inayofuata, ya kusema kwamba basi kipimo chenyewe hakina maana.

Plaki ya hatari ni ile yenye kiini cha mafuta kilichofunikwa na utando mwembamba. Utafiti wa mwaka 1997 kwa watu waliokufa ghafla ulionyesha kuwa tando zilizopasuka, karibu zote, zilikuwa na unene usiofika mikroni 65. Ultrasaundi ya ndani ya mshipa ya megahezi 20 hadi 40 hutenganisha vitu vilivyoachana mikroni 100 hadi 200, kwa hiyo utando huo hauonekani kwenye picha yake. Lakini utando mwembamba juu ya mafuta hunyumbuka damu inapousukuma. Mnunuzi wa embe sokoni hatosheki na kutazama ganda, hulibonyeza. Hapa anayebonyeza ni presha ya damu yenyewe.

Kazi inafanyika hivi. Katheta yenye kipenyo cha takribani milimita 1 hupitishwa juu ya waya hadi kwenye mshipa wa moyo. Mtambo hurekodi mawimbi ghafi, kabla hayajageuzwa kuwa picha. Huchukuliwa mikato miwili, yaani mshipa ukitazamwa kama umekatwa kwa upana, karibu na mwisho wa kupumzika kwa moyo, wakati katheta imetulia kuliko nyakati nyingine, presha zikitofautiana milimita chache tu za zebaki. Programu hulinganisha mikato hiyo kipande kwa kipande na kutafuta kila kipande kimesogea kiasi gani. Tabaka la ndani linalopimwa lina unene wa mikroni 450 hivi, kwa hiyo likinyumbuka asilimia 1 limesogea mikroni 4.5. Wimbi la megahezi 30 lina urefu wa mikroni 51, maana yake tunasaka mwendo usiofika hata sehemu ya kumi ya wimbi moja. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walipanga mnyumbuko katika madaraja manne: chini ya asilimia 0.6 ni plaki ngumu, juu ya 1.2 ni laini mno.

Kwa udogo huo, kuharibika ni rahisi. Katheta ikilalia upande mmoja, wimbi halifuati tena mwelekeo wa mnyumbuko na namba hupotoka. Katheta inayozungushwa na waya hukwama kidogo kwenye kona za mshipa na kuzunguka kwa kusitasita, na kwa sababu hiyo zile zenye vipokezi 64 vilivyopangwa duara, zisizozunguka, zinafaa zaidi. Moyo ukiivuta katheta mbele au nyuma, mkato wa pili si wa mahali palepale, na vipimo hivyo hutupwa. Chokaa iliyoganda kwenye plaki nayo huacha kivuli nyuma yake. Zaidi ya hayo, mnyumbuko si ugumu: ili kupata ugumu lazima ujue nguvu iliyosukuma na umbo la plaki, ndipo hesabu irudishwe kinyume.

Namba inayotajwa sana ni ya mwaka 2003. Kwenye mikato 54 ya mishipa ya moyo iliyotolewa kwa maiti, njia hii ilizitambua asilimia 88 ya plaki hatari na kuziondolea shaka asilimia 89 ya zisizo hatari. Inavutia, lakini karibu nusu ya mikato ile ilikuwa ya hatari. Chukua plaki 100 ambazo 5 tu ndizo hatari: utakamata 4 au 5, na utazisingizia 10 nyingine. Katika kila tatu zilizotiwa alama, moja tu ndiyo ya kweli. Tena mshipa wa maiti haurukiruki.

Wapinzani wanao pia utafiti wa IBIS-2 wa mwaka 2008, wagonjwa 330 waliopewa darapladibu, dawa ya majaribio ya kutuliza plaki, au dawa bandia. Ulaini wa plaki ulikuwa mmoja wa vipimo vikuu, na baada ya miezi 12 makundi hayakutofautiana. Mimi naona hapo dawa ilishindwa sawasawa na kipimo. Na tusisahau utafiti wa PROSPECT wa mwaka 2011: plaki zilizokuwa na dalili zote tatu mbaya za ultrasaundi zilileta tatizo kwa asilimia 18.2 tu katika miaka 3, na hakuna aliyetaka ultrasaundi hiyo itupwe.

Kwa sasa nisingemwekea mtu stenti kwa sababu tu plaki yake imeonekana laini, wala nisingemtoa mgonjwa Kigoma ili akapimwe ulaini. Lakini katheta ya ultrasaundi ikishakuwa ndani ya mshipa kwa sababu nyingine, gharama kubwa imeshalipwa, kwa kuwa katheta hutumika mara moja na kutupwa. Kinachobaki ni programu na dakika chache. Maabara yoyote nchini yenye mtambo huo iuombe utoe mawimbi ghafi na iyahifadhi pamoja na presha ya kila mkato. Picha ya kijivu ikihifadhiwa peke yake, ule mwendo wa mikroni 4.5 haupatikani tena.