Sifuri kwenye mita ya mkondo wa shafti si dalili ya usalama

Kwenye turbini, jenereta na kompresa kubwa kuna ubishi wa siku nyingi. Shafti, yaani mhimili unaozunguka, imewekewa brashi (kipande cha kaboni kinachoigusa) ya kuiunganisha na ardhi, na beringi ya upande wa pili wa jenereta imewekewa kihami, yaani kizuizi cha umeme, ili umeme unaozaliwa kwenye shafti usipate njia ya kuzunguka. Kuna haja gani basi ya kupima volteji ya shafti na mkondo wa brashi saa zote? Si inatosha fundi kupita na mita yake mara moja kwa mwezi?

Wanaosema inatosha hawasemi ovyo. Vipimo hivi hubadilika mzigo ukibadilika, na vumbi au tone la mafuta juu ya shafti huviyumbisha. Kengele ikilia mara tano bila sababu, mara ya sita hakuna anayeinuka. Brashi ya kupimia nayo huchakaa, kwa hiyo umejiongezea kifaa kingine cha kutunza. Kwa mota ndogo inayoendeshwa na inveta (kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota), beringi yenye gololi za kauri ni jibu bora kuliko mita yoyote. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni imani iliyo nyuma yake, kwamba brashi ikishafungwa, shafti imelindwa.

Brashi ya ardhi huharibika kimyakimya. Mkondo unaopita ndani yake kwa kawaida ni mdogo, na kaboni isiyopitisha mkondo wa kutosha huota utando mgumu unaong’aa juu ya uso wake. Mafuta hupenya, springi hulegea, na mguso hukatika. Hapo mita ya mkondo inasoma karibu na sifuri, na fundi aliyepita mara moja anaandika kwenye daftari kwamba hali ni shwari. Kumbe volteji ya shafti inapanda, na sehemu pekee iliyobaki ya kupitia ni ule utando wa mafuta ndani ya beringi, ambao unene wake ni mikroni (maelfu ya milimita) makumi kadhaa tu. Volti chache zinaweza kuutoboa. Kila cheche huyeyusha kishimo kidogo kwenye aloi laini ya bati, mpaka uso uliokuwa uking’aa unafifia kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga. Vihisi vya mtetemo vinakuja kugundua wakati nafasi kati ya shafti na beringi imeshapanuka. Ubaya ni huo: chombo tunachokiamini kuliko vyote huchelewa kuliko vyote.

Ndiyo maana vipimo hivi viwili havifai kutenganishwa. Volteji ikipanda huku mkondo ukishuka, brashi haigusi. Mkondo ukipanda ghafla, kagua kihami cha beringi ya upande wa pili, au tafuta mahali shafti inapogusa chuma, kwa sababu mzunguko umefungika na brashi imekuwa sehemu yake. Vikipanda vyote, chanzo chenyewe kimekua: pengine sumaku iliyobaki ndani ya chuma, pengine nyaya zilizoshikana za rota (sehemu inayozunguka), pengine hitilafu kwenye mfumo wa kuamsha jenereta, ule unaoipa rota umeme wa kutengeneza sumaku. Hali inayonitia wasiwasi kuliko zote ni vyote viwili kushuka, kwa sababu yaelekea shafti imejipatia ardhi yake kupitia beringi, sili (kizibo cha kuzuia uvujaji) au gia. Anayesoma namba moja peke yake ataiona hali hiyo kuwa nzuri.

Ziara ya mara moja kwa mwezi ina udhaifu mwingine. Umeme tuli unaozaliwa na mvuke wenye unyevu katika turbini unaweza kufikia volti nyingi, lakini mkondo wake ni mdogo sana, na brashi nzima huumaliza kwa urahisi. Umeme unaotokana na sumaku isiyolingana ndani ya stata (sehemu isiyozunguka) una volti chache, lakini ukipata njia iliyofungika unaweza kusukuma ampea nyingi. Kwa hiyo ukubwa wa volti peke yake haupimi hatari. Kisha kuna mapigo ya thairista (swichi za kielektroniki) za mfumo wa kuamsha: mita ya mkononi huonyesha wastani mdogo, ilhali ncha za mapigo, zinazoonekana kwa osiloskopu (chombo kinachochora umbo la umeme), ndizo zinazotoboa mafuta. Wahandisi walikuwa wakiandika kuhusu mikondo ya shafti tangu miaka ya 1920, kabla thairista hazijakuwapo. Tatizo la zamani limeongezewa chanzo kipya, na bado tunalikagua kwa mita ileile.

Hoja ya kengele za uongo ndiyo nzito zaidi, na dawa yake imo katika namna ya kuziweka. Kikomo kilichonakiliwa kutoka mtambo mwingine kitapiga kelele bure. Kila mtambo unahitaji rekodi yake ya mwanzo, iliyochukuliwa brashi ikiwa safi, kwa mizigo tofauti, na kengele ifuate mabadiliko kutoka hapo. Rekodi hiyo ichukuliwe upya baada ya kuchomelea karibu na shafti au kukagua nyufa kwa unga wa sumaku, maana kazi hizo zote mbili huweza kuacha sumaku ndani ya chuma. Kama sumaku haikuondolewa kabla mtambo haujafungwa, vipimo vya saa za kwanza za mzunguko vitaonyesha, wakati beringi bado ni nzima.