Nilikiona kimondo, wakaniuliza video iko wapi

Juzi usiku nilikuwa nimekaa nje na dada yangu, taa zote zimezimwa, mara nikaona kivuli changu ukutani. Mwezi haukuwepo. Kivuli kile kilikuwa kinatembea. Nilipogeuka nikakuta mpira wa mwanga wa kijani unakata anga, nyuma yake mkia wa rangi ya chungwa. Ukapasuka vipande viwili, kimoja kikasonga mbele kidogo, kikazimika. Sekunde nne, labda tano. Dada alikuwa ameinamia simu. Alipoinua uso alikuta mchirizi hafifu tu, nao ukafifia mbele ya macho yake.

Asubuhi nikasimulia. Swali la kwanza: video iko wapi? La pili: una hakika haikuwa ndege?

Maswali hayo yameniuma. Tumefika mahali ambapo jambo lisilorekodiwa halikutokea, na mtu mwenye macho mawili mazima anahesabiwa mzushi kwa sababu hakutoa simu mfukoni. Kimondo hakikungoji. Kinaingia angahewa kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake inabanwa mpaka inawaka, na jiwe lenyewe linaanza kuyeyuka na kuwa mvuke. Ukianza kutafuta kamera, umeshakikosa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kamera zina kazi yake. Kimondo cha Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013, kilinaswa na kamera za magari mengi, na video hizo ziliwasaidia wanasayansi kukokotoa njia kiliyopitia. Lakini hizo zilikuwa zimeshawashwa. Na siku hiyohiyo inatufundisha jambo kubwa kuliko video: watu waliona mwanga, wakakimbilia madirishani kutazama, na baada ya zaidi ya dakika moja mshindo ukafika ukavunja vioo. Karibu watu 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa sababu ya vioo. Ukiona mwanga wa namna ile ukiwa ndani, kaa mbali na dirisha. Mwambie na mtoto wako.

Mimi nilibaki palepale nilipokuwa. Nilinyoosha mkono, nikapima kwa ngumi: ngumi moja kwenye mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10. Kilizimika ngumi tatu juu ya upeo wa macho, upande wa kushoto wa mti mkubwa. Kisha nikahesabu dakika nikisubiri sauti, maana sauti husafiri kama kilomita 20 kwa dakika. Ukisikia ngurumo baada ya dakika tatu, kimondo kilikuwa umbali wa kama kilomita 60. Nilisubiri dakika saba. Kimya. Dada naye alikuwa ameshaiweka simu chini, anasikiliza.

Jirani aliyeona mwanga anasema kilianguka nyuma ya nyumba za ng'ambo. Hapana. Mwanga huzimika kikiwa bado makumi ya kilomita juu, na kama jiwe limesalia, linashuka gizani bila kuonekana. Macho hayawezi kupima umbali wa kitu kama kile. Mwelekeo yanaweza, na mwelekeo ndio unaotakiwa.

Shirika la kimataifa la vimondo, IMO, hupokea taarifa za watu wa kawaida kabisa: ulisimama wapi, saa ngapi, kilianzia upande gani, kiliishia kimo gani. Hawahitaji video. Nimeshajaza yangu, ngumi tatu na mti na dakika saba za kimya. Lakini maelezo ya mtu mmoja ni mstari mmoja tu, na mstari mmoja haukatani na kitu; mistari miwili ikikatana ndipo hujulikana kimondo kilikuwa wapi. Anatakiwa mwingine, aliyekitazama kutoka upande wa pili, kilomita mia moja au zaidi kutoka hapa. Kama ni wewe, na umenyamaza kwa kuogopa kuulizwa video, tafadhali rudi uliposimama usiku ule, nyoosha mkono, upime, uandike.