Msiwasingizie Wajapani utamaduni wao

Mazungumzo ya umeme wa nyuklia yakifika Fukushima, mtambo wa Japani uliopata maafa mwaka 2011 baada ya tetemeko na tsunami kuukatia umeme wa kupozea vinu vyake, hakosekani mtu wa kusema kwamba tatizo lilikuwa Wajapani wenyewe: watu wa kutii, wasiothubutu kumwambia mkubwa "hapana". Maelezo hayo hayakuzuka vijiweni. Mwaka 2012 Kiyoshi Kurokawa, mwenyekiti wa tume huru ya Bunge la Japani, aliandika katika dibaji ya ripoti ya Kiingereza kwamba maafa yale yalikuwa ya "kutengenezwa Japani", akataja utii usiohoji na tabia ya kufuata kundi. Toleo la Kijapani, lile ambalo wahusika wangelisoma, halikuwa na maneno hayo. Hapo ndipo mimi huanza kuguna.

Utamaduni una nguvu kwenye mtambo, sibishi. Jioni ya Machi 12, 2011, siku moja baada ya tsunami, mkuu wa mtambo Masao Yoshida alikuwa anapoza kinu namba moja kwa maji ya bahari. Akapokea amri ya kuacha, kisa ofisi ya Waziri Mkuu haijatoa idhini. Yoshida akamwita msimamizi wa kazi ile, akamnong'oneza: nitakuamuru usitishe, lakini usisitishe. Kisha akatoa amri kwa sauti kubwa, wakubwa wa Tokyo wakimsikia kupitia video. Maji yakaendelea kuingia. Mwingine angebishana waziwazi. Yeye alikataa bila kumvunjia mtu heshima. Sidhani kuna Mswahili asiyeujua ukataaji wa namna hiyo.

Ila Yoshida huyohuyo, mwaka 2008, alikuwa mkuu wa idara ya mitambo ya nyuklia katika makao makuu ya TEPCO, kampuni yenye mtambo wa Fukushima. Mwaka huo wataalamu wao walikokotoa kwamba tsunami ingeweza kufika mita 15.7 pale Fukushima, wakati makadirio yaliyokuwa yakitumika hayakufika hata mita sita. Suala likapelekwa kwa wataalamu wa nje lichunguzwe zaidi, ukuta haukujengwa, na jenereta nyingi za dharura zikabaki kwenye vyumba vya chini. Mtu ni yuleyule na Ujapani wake ni uleule. Kilichobadilika ni kiti alichokalia, na kwamba mwaka 2008 kuchukua hatua kulidai fedha nyingi huku bahari ikiwa imetulia.

Halafu kuna Onagawa, ambao watetezi wa hoja ya utamaduni huuruka. Ni mtambo wa kampuni nyingine, Tohoku Electric, na ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima. Miaka mingi kabla, mhandisi Yanosuke Hirai aliwashikilia wenzake mpaka wakakubali kuujenga mita 14.8 juu ya bahari, ingawa wengi waliona anazidisha. Tsunami ilipanda hadi mita 13 hivi. Mitambo ikazimika salama, na zaidi ya wakazi 300 waliopoteza nyumba wakaja kulala ndani ya uzio wa mtambo. Nao ni Wajapani.

Kama utamaduni ndio mkosaji, na Wamarekani je, watu wanaosifiwa kwa kusema lolote mbele ya bosi? Mwaka 2002, katika mtambo wa Davis-Besse, Ohio, tindikali iligunduliwa imetafuna chuma kinene cha kifuniko cha kinu hadi ikabaki ngozi nyembamba ya ndani. Ukaguzi ulikuwa umeahirishwa kwa ombi la kampuni, na mdhibiti wa serikali wa usalama wa nyuklia alikubali. Mwaka 2012 pale Kori, Korea Kusini, mtambo uliokuwa kwenye matengenezo ulikosa umeme kabisa kwa dakika 12, wakubwa wake wakafunika kombe zaidi ya mwezi mmoja. Tabia za mataifa haya zinatofautiana sana, lakini ugonjwa mmoja.

Ninachokiona mimi ni nani anamsimamia nani. Kabla ya maafa, shirika la Japani la kukagua usalama wa nyuklia lilikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia debe nyuklia. Mkaguzi wa namna hiyo hahitaji kuwa Mjapani ili awe mpole.

Nayasema haya kwa sababu Kenya nayo inautaka umeme huu, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliingia barabarani kuukataa. Kwenye karatasi tumeanza vizuri: mamlaka ya udhibiti ni chombo kimoja, na NuPEA, wakala unaousukuma mradi, ni chombo kingine. Nikipewa kipaza sauti kwenye baraza la wananchi, sitauliza kama sisi tuna utamaduni wa usalama. Nitauliza: mkaguzi akisema mtambo uzimwe, na wizara ikataka uendelee kwa sababu umeme hautoshi, sahihi ya nani ndiyo ya mwisho, na huyo mkaguzi anaweza kufutwa kazi na nani?